Kisanduku cha Matukio

Kabla hujanihukumu, ngoja nikueleze jinsi karatasi ya mechi inavyojazwa, maana wengi waliopiga kelele kuhusu ile karatasi hawajawahi kuishika hata siku moja.

Ni karatasi tatu zilizobanwa pamoja, nyeupe, ya waridi na ya manjano, na kaboni katikati. Unaandika kwa kalamu ya wino na unakandamiza. Juu majina ya timu, kisha wachezaji, kisha mabao, kisha kadi. Chini kabisa, kabla ya sehemu ya sahihi, kuna kisanduku kimeandikwa "Matukio". Hapo ndipo unaandika kama watu walipigana, kama kuna aliyemtukana mwenzake, kama shabiki alirusha chupa. Kama hakuna kitu, unaandika "Hakuna". Makapteni wawili wanatia sahihi, marefa wanatia sahihi, na mimi wa mezani natia ya mwisho. Kilicho kwenye kisanduku kilitokea. Kisichokuwepo hakikutokea. Ndivyo hoki ya Nairobi inavyoendeshwa, na si mimi niliyeanzisha.

Naitwa Peres. Siku za wiki nilikuwa karani kwenye kampuni ya bima hapo mjini, na Jumapili nilikuwa mezani, na saa yangu, filimbi yangu na kalamu zangu mbili. Miaka kumi na miwili. Na sikufichi: ile "Hakuna" nilikuwa naiandika mapema. Wakati wa mapumziko, siku nyingine hata kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Sasa kwani kungetokea nini? Wahindi, Wajaluo na Waluhya wanaojuana tangu shule, wanachezeana hoki tangu wakiwa na kaptula, nani alikuwa anapigana? Mechi ikiisha najaza mabao, tunasaini, kila mtu kwake. Watu wote wa mezani wanafanya hivyo. Muulize yeyote. Atakataa, lakini muulize tu.

Sasa ile Jumapili ya Juni 2008 tulikuwa kwa Klabu ya Chandan, ile iliyo ndani ndani ukitoka Ngong Road kuelekea Karen. Nilikuwa napenda kwenda Chandan, sitaki uongo. Wale watu wana desturi nzuri: mechi ikiisha tu, sinia la bhajia na chai ya tangawizi linaletwa pale pale mezani kwangu, na karatasi inasainiwa vikombe vikiwa mkononi. Hakuna anayesaini bila chai, wala anayekunywa chai bila kusaini. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba ukitaka kuona Kenya imetulia, njoo uone meza ya Chandan saa kumi na moja jioni. Na mwaka ule, unakumbuka ulivyoanza, na vile vita vya baada ya uchaguzi. Watu walikuwa bado wanataka kujua jina lako la pili kabla hawajakujibu salamu.

Wageni walikuwa Woodley, timu ya kwetu. Kapteni wao alikuwa Oloo, fundi wa stima, miaka thelathini na miwili, nyumba mbili kutoka kwangu pale Woodley. Nilimjua akiwa bado anatokwa na kamasi. Mimi ananiita Nyar Ugenya, binti wa Ugenya, ingawa huko Ugenya sijawahi kulala zaidi ya wiki mbili mfululizo. Mwezi ule alikuwa ameitwa kambi ya timu ya taifa kwa mara ya kwanza maishani. Kwa mara ya kwanza, na alijua ni ya mwisho pia, umri ule. Mama yake aliinunulia ile barua ya kuitwa fremu akaitundika sebuleni, kando ya picha ya askofu.

Kapteni wa Chandan alikuwa Hardeep, Kalasinga mpole mwenye duka la vigae Ngong Road, mtu ambaye Oloo amepigana naye magongo tangu sekondari na hawajawahi kununiana. Na huko mbele alikuwa anachezesha kijana anaitwa Neel, miaka ishirini na miwili, ametoka kusoma Uingereza. Miguu myepesi, mdomo mwepesi zaidi.

Kipindi cha pili, wako bao mbili kwa mbili, mpira ukatoka nje mbele ya meza yangu kabisa. Ulikuwa wa Woodley. Neel akaukanyaga. Oloo akainama kuuchukua, akasema, "Leta mpira, bana."

Neel akauachilia kidogo, akasema, "Chukua, nyani."

Oloo akainuka polepole. "Umesema?"

"Nyani. Kwani hujui Kiswahili?"

Alikisema Kiswahili safi kabisa, kile alichofundishwa na yaya wake, mama fulani wa watu aliyemfulia nepi. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Hardeep alikuwa nyuma ya Neel, na nilimwona akifumba macho. Watu watatu tulisikia: mimi, Hardeep, na mwenyewe aliyeambiwa. Oloo akamsukuma Neel kifuani kwa mikono miwili, Neel akaanguka chali, na hapo hapo kamera ikalia. Ilikuwa ya Kivuva, mwandishi wa gazeti la *Jiji Leo*, mwandishi pekee aliyekuwa bado anahangaika kuja kwenye hoki. Refa alikuwa upande wa pili wa uwanja. Alichoona ni mtu akisukumwa. Kadi ya manjano kwa Oloo, dakika tano nje, na Chandan wakafunga bao la tatu katika hizo dakika tano.

Filimbi ya mwisho. Sinia likaja. Oloo akaja mezani jasho likimtoka, hakugusa kikombe.

"Nyar Ugenya. Uliskia."

"Nilisikia."

"Basi andika."

Nikaangalia karatasi. Kwenye kisanduku "Hakuna" ilikuwa imekaa tangu saa tisa na nusu, wino ukiwa umeshakauka, umepita kwenye karatasi zote tatu. Ukifuta, inaonekana. Ukichana, zile karatasi zina namba, na utaieleza ofisi ya chama cha hoki namba hiyo ilienda wapi. Na wiki mbili kabla ofisi ilikuwa imetutumia waraka: yeyote atakayepatikana akijaza karatasi mapema ataondolewa kwenye orodha ya maafisa. Na ndani ya mkoba wangu, nimeikunja kwenye Biblia, nilikuwa na barua yangu mwenyewe. Mwezi wa nane nilikuwa nimeteuliwa kwenda Harare kuwa jaji wa mashindano ya Afrika. Mimi, Peres, ambaye sijawahi kupanda ndege. Miaka kumi na miwili nakaa juani bila mtu kuniuliza kama nina kiu, na sasa hatimaye mtu alikuwa ameona.

Oloo aliona ile "Hakuna". Hakushtuka, anajua nilivyokuwa nafanya. Akasema, "Si uandike nyingine?"

"Wewe tia sahihi tu," nikamwambia. "Sahihi ni desturi. Kesho Jumatatu nitaandika barua, nieleze kila kitu, niipeleke chama kwa mkono wangu. Barua ina nguvu kuliko kakisanduku haka."

"Haki?"

"Haki ya Mungu."

Akaniangalia, kisha akainama akasaini. Hardeep alikuwa amesaini tayari, uso ukiwa umemshuka. Alimshika Oloo bega, akataka kusema kitu, Oloo akatoa bega lake akaenda. Mimi nikakunywa chai. Nilikula hata bhajia.

Jumatatu sikuandika barua. Kazi ilikuwa nyingi ofisini. Uongo, kazi ilikuwa ya kawaida. Kivuva alinipigia simu saa nne, akaniuliza niliona nini, nikamwambia mimi siongei na waandishi, aulize chama. Nikajiambia nitaandika jioni. Jioni nikajiambia ngoja kwanza nione gazeti litasema nini.

Gazeti likasema. Jumanne, ukurasa wa nyuma, picha ya Oloo akimsukuma Neel, na juu yake maandishi makubwa: "NILIITWA NYANI." Na siku hizo *Jiji Leo* walikuwa wamefungua tovuti ambayo watu wanaandika maoni chini ya habari, kitu kipya, kila ofisi mjini ilikuwa inashinda huko. Pale bima mlango wa meneja ukifungwa tu, kompyuta zote zilikuwa *Jiji Leo*. Saa sita mchana maoni yalikuwa mia mbili. Nilisoma yote. Usiniulize nilikula nini siku hiyo.

Mwanzoni walikuwa wote upande wa Oloo, na hiyo ilikuwa mbaya vilevile. Hakuna aliyetaka kujua mambo ya hoki. Mmoja aliyejiita Mwana wa Nchi aliandika kwamba Wahindi wote wapewe masaa ishirini na nne. Mwingine akasema aliwahi kufanya kazi kwa Muhindi Industrial Area na akamwagiwa chai, na chini yake watu hamsini wakaeleza za kwao, na nyingine zilikuwa za kweli, unazisoma unajua huyu hadanganyi. Mwingine akaweka jina la duka la Hardeep na mahali lilipo. Hardeep, ambaye hakumtusi mtu! Jumatano asubuhi nilipita pale nikienda kazini nikakuta mlango wa chuma umeandikwa kwa rangi nyekundu: RUDI BOMBAY. Babu yake Hardeep alizaliwa Kisumu. Hardeep mwenyewe alikuwa amepiga magoti na kitambaa na petroli, anasugua, na mimi nikapita upande wa pili wa barabara nikijifanya natafuta kitu mkobani.

Hapo nikapata sababu, na nilifurahi kuipata. Nikajiambia: unaona? Ukiandika hiyo barua sasa watu watachomewa maduka. Nchi bado ina kidonda. Peres, nyamaza kwa ajili ya amani. Nilijiambia hivyo vizuri sana, mpaka nikajiona mtu wa maana.

Jumatano hiyo hiyo mchana Chandan wakatuma karatasi ya mechi kwa gazeti. Ile ya waridi, nakala yao. *Jiji Leo* wakaipiga picha wakaiweka kwenye tovuti nzima nzima. Nilikuwa kwenye dawati langu. Mwenzangu Nthenya, aliyekuwa anakaa kompyuta ya mbele yangu, akasema kwa sauti, "Ai! Kumbe alisaini mwenyewe!" Nikafungua. Hapo palikuwa mwandiko wangu, ile H yangu yenye mkia: *Hakuna*. Chini yake sahihi ya Oloo, na doa la chai pembeni.

Kichwa cha habari: "KARATASI YASEMA HAKUNA."

Jameni, watu waligeuka. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Wale wale wa asubuhi, majina yale yale. Mwana wa Nchi sasa aliandika kwamba watu kama Oloo ndio wanaharibu vita dhidi ya ubaguzi. Mwingine: "Mtu kaitwa nyani na akasaini hakuna kitu? Mimi ningechana hiyo karatasi." Mwingine: "Ameshindwa mechi anatafuta kisingizio." Halafu wakaingia wale niliokuwa nawaogopa. "Si ni Mjaluo? Hao kulalamika ni kazi, ni wale wale wa tumeibiwa kura." Huyo alipata majibu mia na ishirini, na ilikuwa ni vita vya Januari vinarudiwa kwa kibodi. Mmoja akachukua ile picha ya Oloo, akamkata kichwa, akambandikia kichwa cha nyani kweli, akaiweka hapo. Ilikaa siku mbili. Hakuna mtu wa *Jiji Leo* aliyeitoa, kwa sababu ndiyo ilikuwa inaleta watu.

Nthenya aliniita niione. Alikuwa anacheka, si kwa ubaya, vile tu watu hucheka.

Alhamisi nilishuka nikaingia saiba moja, duka la intaneti, Tom Mboya Street, mahali hakuna anayenijua, nikalipa nusu saa. Nikajiandika jina: Shahidi. Nikaandika: "Mimi nilikuwepo karibu. Nilisikia kwa masikio yangu. Oloo hasemi uongo." Nikabonyeza. Nikakaa kungoja. Majibu yakaja kabla dakika kumi hazijaisha. "Shahidi wa kutengenezwa." "Oloo ni wewe, tumekujua." "Kama ulisikia weka jina lako, mwoga." Na katikati ya matusi, moja ambalo halikuwa tusi, na lilikuwa na jina la mtu: "Mimi ni Hardeep, kapteni wa Chandan. Kama wewe ni yule ninayedhani, njoo Jumamosi kwa kikao. Mimi nitakuja."

Chini yake wakaanza kumla Hardeep. Watu wetu walimwambia anajikomba aokoe duka lake. Watu wake walimwambia amewauza, na walimwambia kwa maneno ambayo Neel hakufikia. Nikafunga dirisha nikatoka, nusu saa haijaisha.

Chama kilikuwa kimeitisha kikao cha nidhamu Jumamosi saa nne. Kanuni zao ni wazi: ukithibitika umetukana kwa rangi, unafungiwa miaka miwili. Ukithibitika umesingizia, unafungiwa miaka miwili vilevile. Miwili kwa Neel ni kidogo, angetoka akiwa na ishirini na nne. Miwili kwa mtu wa thelathini na miwili ni kumzika.

Ijumaa jioni, jua bado liko, Oloo akabisha mlango wangu. Nilikuwa nikichambua sukuma wiki. Hakukaa.

"Kambi wamenipigia," akasema. "Wamesema ningoje kwanza kikao kiishe. Mama ameitoa ile fremu ukutani, anasema ni vumbi."

"Pole, Oloo."

"Sitaki pole." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniuma. "Nyar Ugenya, sikuombi unitetee. Sikuombi hata useme Neel alisema nini. Watakuuliza swali moja tu: uliandika Hakuna saa ngapi. Uwaambie saa. Basi. Wakijua iliandikwa kabla, karatasi haina maana tena, na Hardeep amesema atasema alichosikia. Ni saa tu naomba."

"Nitawaambia."

"Haki?"

"Oloo, nimesema nitawaambia."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Nilimwona akisimama nje kidogo kwa lango lao, kisha akaingia. Niliendelea na sukuma. Usiku ule nilisali, na kama unataka kujua niliomba nini, niliomba kikao kiahirishwe.

Hakikuahirishwa. Kilikuwa ghorofa ya nne kwenye jengo moja karibu na Moi Avenue, chumba chenye meza ndefu na chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kihara, wakili, mtu wa kuongea taratibu. Kando yake wawili. Oloo upande mmoja, amevaa koti la harusi ya ndugu yake. Neel upande mwingine na wakili na baba yake. Kivuva kwa kona na daftari.

Neel akasema hajasema kitu. Alisema hivyo akimwangalia mwenyekiti machoni, bila shida yoyote. Oloo akasema alichosikia, akanukuu neno kwa neno, na sauti ikamkatika mahali pale pa "kwani hujui Kiswahili".

Kisha Hardeep akasimama, kilemba cha bluu, mikono nyuma.

"Nilisikia," akasema. "Neel alimwita nyani. Mara mbili."

Baba yake Neel akasema kitu kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini, na Hardeep hakugeuka.

"Bwana Hardeep," akasema Kihara, "hii si sahihi yako, chini ya neno Hakuna?"

"Ni yangu. Tulisaini vile tunasaini siku zote. Neno lilikuwa limeshaandikwa. Nilipaswa kukataa. Nimeona aibu tangu siku hiyo."

"Limeshaandikwa lini?"

"Mwulize aliyeandika," akasema Hardeep, akaniangalia. Hakuniangalia kwa ukali. Aliniangalia vile mtu anamwangalia mwenzake aliyeahidi kushika upande wa pili wa kabati linalobebwa.

Nikaitwa. Nikakaa. Kihara akaiweka ile karatasi nyeupe mbele yangu, nakala ya chama.

"Mama Peres, wewe ni afisa wa miaka mingi, na tunajua umeteuliwa kwenda Harare, hongera. Nikukumbushe waraka wetu wa Mei kuhusu kujaza karatasi mapema. Sisemi ulifanya. Nakukumbusha tu, kwa sababu hapa kuna mwandishi na jibu lako linaandikwa." Akanisukumia maji. "Neno hili, Hakuna. Uliliandika kabla ya mechi kuisha, au baada?"

Nilikuwa na neno mdomoni, nakuapia, lilikuwa hapa kwenye ulimi, kabla. Neno dogo. Nikaona Harare. Niliona hata sare, koti la kijani lenye nembo, nilikuwa nimeshalijaribu. Nikaona Nthenya akisoma jina langu kwa sauti Jumatatu, na wale watu wa chini ya habari, mia mbili, mia tatu, wakinibandikia kichwa cha mnyama.

"Baada," nikasema.

"Baada ya mechi kuisha?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na ulisikia neno lolote?"

"Sikusikia vizuri. Kulikuwa na kelele."

Hakukuwa na kelele. Kulikuwa na watu thelathini kwenye uwanja mzima. Sikumwangalia Oloo. Nilisikia tu kiti chake kikilia sakafuni.

Waliingia chumba cha ndani wakatoka baada ya dakika ishirini. Miaka miwili kwa Oloo. Hardeep alionywa kwa kutoa ushahidi unaopingana na sahihi yake. Neel akakumbatiwa na baba yake.

Kwenye ngazi Oloo alikuwa amesimama, ameshika lile koti mkononi, amelikunja vizuri. Nilitaka kupita. Hakunizuia. Aliniuliza tu, taratibu, kama mtu anayeuliza habari ya nyumbani, "Nyar Ugenya. Ile barua ya Jumatatu, bado unaandika?"

Nilishuka ghorofa zote nne bila kushika chuma cha ngazi.

Jumatatu *Jiji Leo* waliandika: "AFISA WA MEZA AMALIZA UBISHI." Na chini yake, wewe, nikasifiwa. Sijawahi kusifiwa hivyo tangu kuzaliwa. "Huyu mama ni Mjaluo na hakumtetea Mjaluo mwenzake. Kenya tunayotaka." "Mama Peres awe tume ya uchaguzi." Mwana wa Nchi aliandika: "Mungu akubariki mama, ukweli umesimama." Nthenya aliichapisha hiyo akaibandika kwenye ukuta wa ofisi, meneja akanipa mkono. Nilisoma maoni yote, mia tatu na kumi na tatu. Nilikuwa natafuta mmoja aniite mwongo. Hakuna.

Harare nilienda. Ndege niliipanda, koti nikalivaa. Sina la kukueleza kuhusu Harare.

Niliporudi, Oloo alikuwa amehamia Kisumu na mama yake, nyumba imekodishwa watu wengine. Hardeep aliacha hoki. Nikipita dukani kwake ananiitikia kwa kichwa, kwa adabu, na kuendelea kupimia wateja vigae. Mlango uliposuguliwa bado unaonyesha R na sehemu ya B.

Mwezi wa kumi nikapangiwa Chandan tena. Sikukataa, ningesema nini? Siku hiyo, nakuapia, kisanduku nilikiacha wazi. Mapumziko yakafika, sikuandika. Kipindi cha pili nilikaa wima, macho na masikio, nikiangalia kila mtu anayefungua mdomo. Hakuna aliyesema kitu kibaya. Mechi ikaisha, sinia likaja, kapteni mpya wa Chandan akaja kusaini. Alikuwa Neel.

Aliniwekea kikombe mbele yangu kwa mikono miwili, vile wanamwekea mtu mzima. "Auntie," akasema, na sauti ilikuwa ya heshima kabisa, ya kijana aliyelelewa vizuri. "Sijawahi kupata nafasi ya kukushukuru."

Akachukua kalamu, akainama, akasita. Akaniwekea kidole kwenye karatasi.

"Auntie, hapa hujajaza."

Nikachukua kalamu yangu. Nikaandika "Hakuna", nikakandamiza mpaka ya manjano, nikamgeuzia karatasi asaini.